Nibadilishe prosesa, niweke SSD, au niongeze hela ninunue laptopu nyingine?

Jumamosi iliyopita nimekaa barazani na chai yangu, mpwa wangu wa kike akaingia na laptopu kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Anasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka wa pili, kapanga chumba Ng'ong'ona, na kule upepo ukianza vumbi lake mnalijua wenyewe.

"Anko shikamoo."

"Marahaba. Mbona umeibeba hivyo, imekufa?"

"Haijafa ila ndo inaelekea. Fundi kasema prosesa imechoka, anataka laki na themanini aniwekee i7. Mama kasema nipite kwako kwanza ndo atume hela."

Mama yake ni dada yangu, analima alizeti Kongwa, na hela ya alizeti haitoki mkononi mwake hivi hivi bila maelezo. Kwaiyo haya ndo maelezo niliyompa dada kwa simu, nimeyaandika na hapa kwa sababu kila mwezi lazima kuna mtu ananiuliza kitu hiki hiki, na mi mwenyewe nishawahi kubadilisha prosesa ya laptopu kwa hela yangu kwaiyo sisemi kwa kusikia.

Kwanza hiyo kauli ya prosesa kuchoka. Prosesa, ile chip inayofanya hesabu zote za kompyuta (i3, i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel), haichoki kama goti. Iliyokuwa inakimbia kwa spidi ya 2.4 GHz mwaka 2012 na leo inakimbia 2.4 GHz hiyo hiyo kama haijaungua na haipati joto la kupitiliza, kilichobadilika ni kazi tunazoipa, brauza za leo zinakula RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) kuliko kitu chochote, Windows nayo inajiapdeti nyuma ya pazia, antivairasi inapekua, alafu mtu anafungua kurasa ishirini huku Zoom inaendelea. Laptopu inakuwa nzito kweli, silibishi hilo, ila swali ni nani ndani humo anayewachelewesha wenzake.

Hili unalijua bure kabla hujampa mtu hata mia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance) alafu fungua zile programu zinazokutesa kila siku, usiangalie ikiwa imekaa tu haina kazi. Ya mpwa wangu ni Dell Latitude E6430, prosesa i3-3110M, RAM ya 4 GB na hadidiski ile ya sahani ya 500 GB. Tulifungua Word, SPSS (programu ya takwimu) na brauza yenye WhatsApp. Prosesa ikawa inacheza kwenye asilimia ishirini hivi, RAM imejaa mpaka shingoni, diski asilimia mia na haishuki. Dakika nzima hivyo hivyo. Sasa hapo hata ukiweka i7 itakuwa i7 inayosubiri diski, tena itasubiri kwa heshima zote.

Kinachotokea ni hivi: RAM ikijaa, Windows inaanza kumwaga vitu kwenye diski ili ipate nafasi, na diski ya sahani ya 5400 inazunguka mara 90 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11, kwaiyo kila inapotafuta kipande kidogo cha faili sindano inabidi isogee alafu isubiri sahani ifike. SSD, diski ya chip tupu, haina sahani wala sindano, inatafuta kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Faili kubwa moja lililonyooka, diski ya sahani inatoa kama MB 100 kwa sekunde na SSD ya SATA (plagi ile ile ya hadidiski) inafika 500 na kitu, lakini tofauti hiyo si kitu ukilinganisha na ile ya vifaili vidogo vidogo, na kuwasha kompyuta ni vifaili vidogo maelfu kwa maelfu. Ndo maana watu wakiweka SSD wanaapa kwamba wamebadilishiwa laptopu.

Kama kwenye Task Manager umeona kinyume chake, yaani prosesa iko 95 mpaka 100 muda wote wa kazi huku diski na RAM zimetulia, hapo sawa, prosesa ni mshtakiwa halali. Ila usihukumu bado, angalia spidi yake imeandikwa ngapi. Prosesa ya 2.4 ikionyesha 1.2 au 0.8 wakati ina kazi, basi imejishusha yenyewe, na sababu huwa ni joto au umeme. Kuna laptopu, Dell zikiwemo, zisipoitambua chaja zinashusha spidi ya prosesa makusudi ili zisivute umeme mwingi, mtu kanunua chaja ya bei chee pembeni ya barabara, pini inaingia vizuri na taa inawaka, anatembea na konokono miezi sita akidhani mashine imezeeka. Chaja tu hiyo.

Joto sasa, na hili kwa Dodoma naomba mlichukulie kwa uzito wake. Tulifungua kifuniko cha chini cha ile laptopu, feni ukiitazama unaona nzuri tu, ila ukitoa feni yenyewe, pale inapopulizia kwenye vile vibati vyembamba vya shaba kulikuwa na pedi ya vumbi imeshikana kama sufi ya mto, rangi ile nyekundu ya udongo wetu, unaitoa nzima nzima kwa vidole. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Pesti iliyo kati ya prosesa na kile chuma cha kupozea imekauka mpaka inabanduka kama chokaa. Mashine imekaa hivyo tangu ije, na Oktoba mchana chumba cha bati Ng'ong'ona ni tanuri, sasa wewe ndo ungekuwa hiyo prosesa ungefanyaje. Tulisafisha kwa brashi ya rangi, tukafuta pesti ya zamani kwa spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje ya choroko, hiyo kazi nzima haikufika elfu kumi. Hii haihesabiki hata kama chaguo, hii fanya tu, hata kama kesho unaiuza.

Haya, tuje kwenye kubadilisha prosesa kwenyewe, maana wengi wanadanganywa hapo hapo mwanzoni. Laptopu nyingi zilizopo mtaani saizi HAZIBADILISHIKI prosesa. Intel waliacha kutoa prosesa za laptopu za kuchomoa baada ya kizazi cha nne, kile cha 2013 (kwa hizi tunazozitaja namba ya kwanza baada ya i3, i5 au i7 ndo kizazi), kuanzia cha tano zote zinachomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu. Na hata kabla ya hapo zile nyembamba zenye U mwishoni zilikuwa za kuchomelewa. Kwaiyo soma herufi za mwisho za jina la prosesa yako: ukiona U au HQ, sahau habari ya kuchomoa. Ukiona M, QM au MQ, mara nyingi ipo kwenye soketi, unalegeza skrubu moja kwa bisibisi bapa nusu mzunguko na chip inatoka mkononi. Kuhakikisha kuna programu ya bure inaitwa CPU-Z, angalia ilipoandikwa aina ya soketi, ukiona neno BGA ujue imechomelewa, ukiona rPGA ujue inachomoka. Laptopu kama Latitude E6430, ThinkPad T430, EliteBook 8470p za 2012 zinachomoka. ThinkPad T440p ni kama ya mwisho mwisho kwenye familia yake. EliteBook 840, ile ambayo nusu ya vijana wa vyuo hapa mjini wanayo, haichomoki, tangu G1.

Kwa iliyochomelewa fundi atakwambia mambo mawili, ama aichomoe kwa mashine ya joto na kuchomelea nyingine, ama abadilishe madabodi nzima. La kwanza mi kwa hela yangu siwezi, vidoti vya lehemu chini ya chip ni zaidi ya elfu moja, kimoja kikikosea umebaki na kibati. La pili linawezekana ila bei yake inakaribia bei ya laptopu, na hapo ndo kuna utapeli mtamu zaidi, utapeli wa stika.

Ngoja niwape mfano wa EliteBook 840 G3. Ya i5-6300U ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanya kazi, spidi 2.4 mpaka 3.0. Ya i7-6600U ina viini viwili, spidi 2.6 mpaka 3.4. Umeona? Viwili kwa viwili. Kwa spidi ya juu kabisa ni tofauti ya asilimia 13 hivi, kitu ambacho ukiwa unaandika ripoti hutakigundua hata nikikulipa. Ila stika ya i7 mtu anaongezwa laki juu yake na anatoka dukani anatabasamu. Alafu i5-8250U ya kizazi cha nane ina viini vinne na inaiacha mbali i7-7500U ya kizazi cha saba yenye viwili. Kwaiyo i3, i5, i7 peke yake ni sawa na kuambiwa mtu ni sajenti bila kuambiwa ni wa jeshi gani. Angalia namba inayofuata na herufi ya mwisho.

Sasa tuziweke pembeni kwa pembeni zile tatu zilizokuwa mezani siku ile: aliyonayo binti, anayotaka kuuziwa na fundi, na ile ya kwenye laptopu iliyotumika ambayo angeipata akiongeza hela.

| | i3-3110M | i7-3632QM | i5-8250U |
|---|---|---|---|
| Ilitoka | 2012 | 2012 | 2017 |
| Viini | 2 | 4 | 4 |
| Nyuzi (kazi inazoshika kwa pamoja) | 4 | 8 | 8 |
| Spidi | 2.4 GHz, haipandi | 2.2 mpaka 3.2 GHz | 1.6 mpaka 3.4 GHz |
| Umeme | wati 35 | wati 35 | wati 15 |
| Ilivyofungwa | soketi | soketi | imechomelewa |
| Windows 11 rasmi | hapana | hapana | ndiyo |

Mtu akitazama haraka anasema i7 mara mbili ya i3, viini vinne kwa viwili. Ni kweli kwa kazi zinazogawanyika, kutoa video, kubana mafaili makubwa, kurenda picha za nyumba. Lakini kazi nyingi za mwanafunzi na za ofisini zinakaa kwenye kiini kimoja, Word haigawanyiki, SPSS kwa sehemu kubwa haigawanyiki, hata AutoCAD unapochora mistari inategemea kiini kimoja. Hapo hesabu ni 3.2 kwa 2.4, yaani theluthi moja, tena hiyo ni ikiwa feni inapumua vizuri. Theluthi si haba ila si laki na themanini.

Mi mwenyewe hiyo i7-3632QM ninayo, ipo kwenye ThinkPad T430 yangu, nilitoa i5-3320M. Niliagiza kutoka China ikakaa njiani wiki kadhaa, nikaifunga mwenyewe jioni moja umeme umekatika na tochi ya simu imeshikwa na mwanangu. Niseme ukweli niliyoyaona. Kuwasha: sawa sawa na zamani, tayari nilikuwa na SSD. Brauza: labda, sijui, naweza kuwa najidanganya kwa sababu nimelipa. Video za harusi na kipaimara ninazohariri za watu: hapo kweli. Zamani nilikuwa naiacha inatoa video naenda sokoni Sabasaba, nanunua mchicha na nyanya, napiga stori na wauza ndizi, narudi naikuta bado inasukuma. Saizi nikirudi naikuta imemaliza na feni imetulia. Kwaiyo kwangu ilikuwa na maana, ila angalia nilikuwa na nini kabla: SSD ipo, RAM ya 16 ipo, pesti mpya ipo, na kazi yangu ni ile inayojaza prosesa asilimia mia kila wiki. Ikikosekana hata moja kati ya hizo nisingeigusa.

Alafu kuna masharti yake ambayo muuzaji hasemi. Usidhani soketi zikifanana imeisha. BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi) nayo lazima iitambue chip, kwa mfano ThinkPad T420 ina soketi yenye matundu yale yale lakini ukiweka kizazi cha tatu kwa BIOS yake ya kiwandani haiwaki. Baki ndani ya kizazi kimoja na apdeti BIOS kabla hujafungua skrubu. La pili angalia wati. Ile 3632QM ni wati 35 kama zile i3 na i5, ndo maana niliichagua, lakini kuna i7-3630QM na 3720QM za wati 45, zinaingia soketi hiyo hiyo, zinawaka, alafu zinaanza kuchemka kwenye kipozeo kilichotengenezwa kwa wati 35, zinajishusha spidi, na unabaki na prosesa ghali inayokimbia kama ya rahisi. Baridi ya Juni hapa Dodoma labda itavumilia. Novemba saa nane mchana haivumilii. Na la tatu, chip za hivi zote ni za kuchomolewa kwenye mashine nyingine, zina vimiguu karibu elfu moja chini, chunguza hata kimoja kisiwe kimelala.

Upande wa SSD na RAM sina maneno mengi kwa sababu hamna cha kubishana. SSD ya SATA ya 256 GB mi mara ya mwisho nimenunua elfu sitini na tano, RAM ya DDR3 ya GB 4 iliyotumika niliambiwa elfu ishirini na tano nikashusha mpaka ishirini, wewe uliza bei ya siku hiyo maana bei za vitu hivi duniani zimekuwa zikipanda. Jambo moja tu la uzuri wake ambalo watu hawaliwazi: SSD unaondoka nayo. Laptopu ikifa mwakani unaichomoa unaifunga kwenye nyingine yenye nafasi ya SATA, au unanunua kasha la USB inakuwa diski ya kutembea. Prosesa ya kizazi cha tatu ukiichomoa utaipeleka wapi? Utaitundika shingoni kama mkufu. Na ukiweka SSD usihamishe takataka za zamani, weka Windows safi, Windows ya miaka mitano iliyojaa programu zilizokreki ni nzito hata kwenye mashine ya wizara.

Chaguo la tatu, kuongeza hela ukanunue nyingine, hili ndo watu wanalikwepa kwa sababu namba ni kubwa kwa mkupuo. Tupige hesabu taratibu. Latitude ya binti ikiwa safi inaweza kupata mteja wa laki na nusu, tuseme hivyo. Akiweka prosesa ya laki na themanini haiwi laptopu ya laki tatu na thelathini, mnunuzi atampa ile ile laki na nusu na elfu ishirini ya pole. Kwaiyo hiyo hela imezama. Laptopu ya kizazi cha nane iliyotumika, EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, niliuliza kwa jamaa wa mjini nikatajiwa kati ya laki sita na saba kutegemea na RAM na hali ya betri, ukitoa bei ya kuuza ya zamani unaongeza kama laki tano. Nyingi, najua. Ila unapata nini ndani yake?

Unapata wati 15 badala ya 35. Hapa mjini umeme ukikatika ukiwa na kazi ya kuwasilisha saa sita usiku ndo utajua maana ya wati, na kwa walimu waliopo vijijini huko Mvumi au Bahi wanaochaji kwa sola hiyo tofauti ni ya kila siku. Unapata grafiki (sehemu inayoshughulikia picha) inayofungua video yenyewe bila kuisumbua prosesa. Hili wengi hawalijui: YouTube inatuma video nyingi kwa mfumo wa VP9, na grafiki za HD 4000 zilizo kwenye kizazi cha tatu haziwezi kuufungua, kazi yote inaangukia prosesa, feni inalia. Ukitoka i3 kwenda i7 ya kizazi hicho hicho HD 4000 inabaki pale pale. Grafiki ya UHD 620 ya kwenye i5-8250U inafungua VP9 bila jasho. Na unapata Windows 11 kihalali, ambapo Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na sharti la 11 kwa Intel linaanzia kizazi cha nane pamoja na chip ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya 2012 hata ukiiwekea prosesa kali kuliko zote za soketi yake bado ipo nje ya geti. Kuna njia za kuingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma, zinafanya kazi, vijana wanazijua, ila kwa mtu ambaye laptopu ndo ofisi yake mi simshauri. Bora Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, inakimbia vizuri kwenye hizi mashine na ni bure, ugomvi wake ni pale mwalimu anapokwambia lete kazi kwa programu fulani ambayo Linux haina.

Sasa nani achukue kipi. Mwanafunzi wa kuandika na kusoma PDF mwenye mashine ya zamani, SSD na RAM, kalale. Mwenye steshenari pale karibu na chuo cha Mipango anayeprinti na kuskani, SSD tu, hata RAM aache kwanza aangalie. Afisa anayepanda daladala kwenda Mtumba kila asubuhi na ana mifumo ya kufungua kwenye brauza siku nzima na taarifa za watu ndani, huyo asiniletee habari za 2012, aongeze hela anunue ya kizazi cha nane kwenda juu kwa sababu ya usalama kuliko hata spidi. Kijana wa kuchora ramani za nyumba au kuhariri video ndo penye ugumu, maana yeye prosesa inambana kweli, na jibu langu linategemea kitu kimoja: kama tayari ana mashine ya soketi yenye SSD na RAM ya kutosha, na chip anaipata kwa bei ya chini, tuseme isizidi robo ya bei ya laptopu yenyewe, na anafunga mwenyewe, aifunge. Akitajiwa zaidi ya hapo aanze kudunduliza ya kununua nyingine. Na kama ya kwake imechomelewa basi mjadala haupo.

Ukiamua kununua iliyotumika, tafadhali usinunue kwa kutazama stika wala kwa picha ya WhatsApp. Wengine wanaagiza Kariakoo mzigo unakuja kwa basi, wengine siku hizi wanapanda treni ya SGR wanaenda kuchagua wenyewe wanarudi jioni, mi nawaunga mkono hao wa treni. Ukifika washa, fungua Task Manager usome jina kamili la prosesa, cheza video ya ubora mkubwa dakika kumi huku umeweka mkono pale hewa inapotokea, chomoa chaja uone betri inashukaje. Hewa isipotoka ya moto wakati mashine inafanya kazi, feni imekufa au imeziba. Muuzaji akikuharakisha, muage.

Turudi kwa mpwa. Dada Kongwa alinisikiliza mpaka mwisho, kimya, alafu akauliza swali moja tu, "Sasa hiyo ya kwako ni shilingi ngapi?" Nikamwambia SSD na RAM elfu tisini na ushee, pesti ninayo. Akatuma laki. Jumapili baada ya ibada tukaifunga pale pale barazani, Windows ikaingia chini ya nusu saa, binti kakaa pembeni anahesabu skrubu kwenye kisahani cha chai ili isibaki hata moja. Fundi wake simlaumu sana, inawezekana ana chip imekaa dukani inatafuta pa kwenda, biashara ndo zilivyo.

Jumatatu usiku akanitumia ujumbe, SPSS inafunguka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti, na feni haisikiki mpaka uweke sikio. Chini yake kaandika, "Anko, alafu ile stika ya i3 nikiibandua nikaweka ya i7 kuna shida?"

Nimemwambia zinauzwa buku.